Ndoo Moja, Mabeseni Manne

Ndoo ilikuwa moja. Hilo lieleweke mapema, maana huko mbele watu wazima wenye akili zao timamu watanuniana na kuandikiana barua, na msomaji anaweza kudhani palikuwa na jambo la kugombania. Ndoo ilikuwa moja, nyeupe, ya plastiki, mfuniko wake umepasuka pembeni, na kila asubuhi ililetwa sokoni na mwanamume mwenye gari dogo la mizigo. Walimwita Mtu wa Bwawa kwa sababu huko ndiko alikotoka, kwenye bwawa la kufugia lililochimbwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Ndani ya ndoo walikuwamo kamba wadogo wa maji baridi, wenye urefu wa kidole cha mtoto: mgongo umepinda, ndevu ndefu kuliko mwili wenyewe, macho yametokeza nje ya kichwa, na mkia wa kurukia nyuma wakishtuka.

Mpokeaji wa ndoo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mikono, mwepesi wa ulimi, aliyejulikana soko zima kwa jina la Mama Mabeseni. Meza yake ilikuwa ya pembeni kabisa, karibu na bomba, mahali ambapo kila muuza samaki alipaonea gere. Aliinua ndoo, akawamwaga kamba katika mabeseni manne, la bluu, jekundu, la kijani na la njano, na kazi ikaisha. Ilichukua muda wa kupiga chafya mbili. Kuanzia hapo, kila siku kwa miaka kumi na tisa, kamba wa bwawa moja walikuwa viumbe wa aina nne.

Mji wenyewe ulikuwa wa watu wa kuja. Kiwanda kiliwaita, hospitali ikawaita, wakaja kutoka pande zote na masanduku yao, na kila mmoja alikuja na jina lake la kamba. Watu wa juu, wa kule mto unakoanzia, waliwaita vibiongo. Watu wa chini, wa kule mto unakotanuka na kujaa tope, waliwaita masharubu. Watu wa ziwani waliwaita virukanyuma. Ungedhani ni majina tu, kama mmoja anavyosema jokofu na mwingine friji, na maisha yakaendelea. Thubutu. Kila upande uliamini kwamba kiumbe chao ni kingine kabisa, kitamu kuliko vyote, na kwamba wenzao wanakula takataka za mtoni kwa sababu ya shida walizokulia.

Mama Mabeseni alijaribu kuwaambia ukweli mara moja tu, mwaka wake wa kwanza. Wakati huo alikuwa na beseni moja, na akamwambia mteja wa juu kwamba hao vibiongo ndio walewale ambao wengine huwaita masharubu. Mteja akaweka mfuko chini, akaondoka kama aliyetukaniwa mama yake, na hakuonekana tena mpaka aliposikia kwamba limepatikana beseni la bluu. Basi akajifunza. Akanunua mabeseni. Na hakuwahi kumdanganya mtu kwa mdomo wake, jambo ambalo alijivunia sana. Mteja akija, humwuliza tu anataka wa wapi, na mteja mwenyewe hunyoosha kidole na kutaja jina. Yeye huchota. Watu wakiamua kudanganyika, alimwambia binti yake, si kazi ya muuza kamba kuwazuia.

Kinara wa beseni la bluu alikuwa Mwalimu Mstaafu, aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya msingi, na ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kengele ya mwisho ilishalia. Alikuja kila Jumamosi na mfuko wa kitambaa uliopigwa pasi. Hakununua kabla ya kutoa somo. Alimshika kibiongo mmoja mkia, akamwinua kwenye mwanga, akaieleza foleni nzima jinsi maji ya juu yanavyopita kwenye mawe, jinsi mawe yanavyoisafisha nyama, na jinsi mkondo mkali unavyompinda kiumbe mgongo mpaka akapata heshima yake. Mama Mabeseni aliitikia "Naam, Mwalimu" kila alipopumua, huku moyoni akiliwaza bwawa la nyuma ya kiwanda, ambalo maji yake hayajaonja mkondo tangu lichimbwe.

Beseni la kijani lilikuwa la Kinyozi wa ziwani, aliyedai kwamba utamu wa virukanyuma hubaki kwenye ufizi mpaka kesho yake. Dada yake aliolewa na mtu wa juu, na nyumbani kwao, alisimulia kwa fahari, kuna sufuria mbili na miiko miwili. Watoto hula leo upande wa baba, kesho upande wa mama. Kamba wa sufuria zote mbili walinunuliwa hapohapo mezani, asubuhi moja, na walichotwa kwa mkono mmoja.

Lakini aliyemchekesha Mama Mabeseni kuliko wote alikuwa Fundi Cherehani, mama mwembamba wa chini, mwenye futi ya kupimia shingoni hata akienda hospitali kumwona mgonjwa. Huyo alikuwa wa beseni jekundu. Siku moja Mama Mabeseni, mawazo yakiwa mbali, alimchotea kutoka beseni la kijani. Fundi hakuona, alikuwa akitafuta kitu mkobani. Akaenda nyumbani, akapika nusu, akala, akashiba, akarudi kwenye cherehani yake akiimba. Mchana jirani aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamwambia kwamba aliona mkono umeingia kwenye kijani. Hapo ndipo tumbo lilipoanza kumsokota.

Alirudi sokoni ameshika tumbo kwa mkono mmoja na mfuko wenye nusu mbichi kwa mkono mwingine, akilalamika kwamba amelishwa virukanyuma kama adui. Mama Mabeseni akaomba radhi, akapokea mfuko, akainama nyuma ya meza. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Akainuka, akamrudishia mfuko uleule na kamba walewale. Fundi akaufungua, akanusa, macho yakamfumba.

"Haya sasa ndiyo yenyewe," akasema. "Hata ndevu zake tu, si unaziona?"

Tumbo likapoa papo hapo. Mama Mabeseni alicheka njia nzima. Alimsimulia mumewe, fundi wa majokofu asiyecheka kirahisi, na naye akacheka. Hadithi hiyo aliirudia kwa miaka, kila safari akiongeza chumvi kidogo, mpaka katika masimulizi ya mwisho Fundi Cherehani alikuwa amebebwa kwenye machela. Mji mzima, alisema, hauna ulimi. Una masikio tu. Wanaonja kwa masikio.

Sasa, beseni la njano. Hilo lilikuwa dogo kuliko mengine na lilikaa upande wake wa kushoto, karibu na kiwiko. Lilikuwa la vichungulizi. Ndivyo kamba walivyoitwa kwao Mama Mabeseni, kwa ajili ya macho yale yaliyotokeza, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama mgeni ameondoka au bado. Kwao hapakuwa juu wala chini wala ziwani. Palikuwa na kijito tu, chembamba kiasi kwamba mtu mzima alikivuka bila kukunja suruali, na mama yake alikuwa akiinua mawe taratibu huku yeye, mtoto wa miaka sita, ameshika kikapu. Usipige kelele, mama alimnong'oneza, wanakuchungulia. Baadaye ilijengwa barabara kubwa. Kijito kikaingizwa kwenye bomba la zege, kikafukiwa, na mama yake hakumaliza miaka miwili baada ya hapo.

Katika mji huo hapakuwa na mtu mwingine wa kwao. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuja kuulizia vichungulizi, na kama mteja mgeni alinyoosha kidole kwenye beseni la njano aliambiwa kwamba hivyo vina mwenyewe. Jioni baada ya kazi Mama Mabeseni aliwamimina wa njano kwenye mfuko, akaenda nao nyumbani, akawapika kwa chumvi tu, akala polepole bila kuzungumza. Binti yake, nesi wa hospitali ya mji, aliyekuja kumsaidia siku zake za mapumziko, alimwuliza mara moja kwa upole kama ndoo si ileile.

"Ni ileile, mwanangu, kwani mimi sijui?" akajibu. "Lakini wa mwisho ndooni huwa wazuri zaidi."

Binti alikuwa ameshaona siku nyingi beseni la njano likijazwa la kwanza. Lakini kazi yake ilimzoesha kusikia watu wakidanganya mahali panapouma, akaenda kuosha sahani.

Mambo yalianza kwenda mrama alipoletwa msimamizi mpya wa soko. Alikuwa kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, aliyesomea utawala na aliyekuwa na hamu kubwa ya kutawala kitu. Ukumbi wa soko ulikuwa umepakwa rangi, naye akatoa kanuni: kila meza iwe na ubao, kila ubao uwe na jina moja la bidhaa, na meza ambayo bidhaa yake haijulikani jina itapewa mwombaji mwingine. Waombaji wa kona ile ya bomba walikuwa kumi na mmoja. Mama Mabeseni aliwajua wote kwa sura, na wote walimsalimia siku hizo kwa furaha isiyo ya kawaida.

Msimamizi alipofika mezani na fomu yake, alimkuta amejiandaa. Jina la bidhaa, akasema, ni kamba wadogo wa maji baridi. Alilichagua makusudi, kwa sababu halikuwa jina la nyumbani kwa mtu yeyote, na alidhani jina lisilo la mtu halimuudhi mtu. Msimamizi akaliandika vizuri, akalipigia mstari, akageuka kuondoka. Bahati mbaya ilikuwa Jumamosi.

"Samahani, kijana," Mwalimu Mstaafu akasema kutoka kwenye foleni. "Futa hapo. Andika vibiongo."

Fundi Cherehani, watu watatu nyuma yake, akauliza hivyo vibiongo vimeingiaje kwenye soko la watu. Kinyozi akasema kama ni ubao mmoja basi kila mtu anajua ni wa nani. Msimamizi alikaa pale saa nzima na fomu yake, akigeuza shingo huku na huku, na alipoondoka mstari wake mzuri ulikuwa umekatwa mara nne.

Wiki iliyofuata ofisi yake ilipokea barua tatu. Ya Mwalimu ilikuwa na kurasa saba na mchoro wa kibiongo, kila kiungo kimewekewa namba. Ya Fundi ililetwa na akina mama kumi na wawili, ambao hawakuondoka mpaka walipohakikisha imesomwa kwa sauti. Kinyozi aliandika fupi, lakini akabandika nakala kwenye kioo chake, na mtu hakuweza kunyolewa bila kuisoma. Kisha kila upande ukatangaza kwamba hautanunua hata mkia mpaka ubao uandikwe kwa haki.

Hapo Mama Mabeseni hakucheka tena. Siku tano mfululizo mabeseni yalikaa yamejaa, ukiacha la njano. Mchana yakaanza kunuka, jioni aliyamwaga nyuma ya soko na kuyasugua, na asubuhi Mtu wa Bwawa akaleta ndoo nyingine. Mumewe alikuwa na magoti mabovu na majokofu ya siku hizi hayatengenezwi, yanatupwa. Meza ile ndiyo iliyoishikilia nyumba. Ndiyo iliyomsomesha binti unesi. Mmoja wa wale waombaji kumi na mmoja, muuza mayai, alikuja na futi akapima urefu wa meza mbele yake, kisha akasema alikuwa anapita tu.

Jumatano msimamizi akawaita wote kwenye chumba cha juu, chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Akasema yeye hana upande. Anataka kujua jambo moja, na wa kumjibu ni muuzaji mwenyewe: je, hao kamba ni kitu kimoja au ni vitu vinne? Kama ni kimoja, ubao mmoja, na jina atachagua yeye. Kama ni vinne, atajua la kufanya.

Mama Mabeseni alisimama. Akisema kimoja, watu wale watajua kwamba wamefanywa wajinga miaka kumi na tisa, na Fundi Cherehani atakumbuka ule mfuko. Hatarudi mtu. Akisema vinne, atakuwa amesema uongo kwa mdomo wake, wa kwanza, mbele ya ofisi. Akawatazama: Mwalimu na mchoro wake, Fundi na futi yake, Kinyozi aliyekunja mikono.

"Bwana Msimamizi, mimi ni mchotaji tu," akasema. "Wenye ndimi ni hawa hapa."

Msimamizi akaona amepata hoja ya maana. Akaamuru kamba wa kila beseni wachemshwe kwa chumvi tu, wawekwe kwenye sahani nne zenye namba, bila mtu kuambiwa ipi ni ipi. Ijumaa saa nne, wenye ndimi waonje. Kila mtu akitambua chake, ni vitu vinne. Wasipotambua, ni kimoja. Na kwa kuwa muuzaji ana maslahi, asiguse sufuria. Apike binti yake, ambaye ni nesi na mtu wa kuaminika.

Mama Mabeseni alirudi nyumbani moyo umetulia, hata akacheka kidogo. Alishaona jinsi itakavyokuwa. Wote wangeparamia sahani moja na kuitana waongo, msimamizi angechoka, angeandika vyovyote, na wateja wangerudi kwa njaa. Alimwambia mumewe kwamba Ijumaa kutakuwa na kichekesho cha kusimuliwa mpaka uzeeni.

Ijumaa chumba kilijaa. Binti aliingia na sahani nne zinazofuka mvuke, akaziweka mezani kwa mpangilio, akarudi kusimama mlangoni na sufuria mkononi. Mwalimu Mstaafu alianza, kwa haki ya umri. Alionja zote, akafuta midomo kwa leso kila baada ya sahani, akanyoosha kidole kwenye namba tatu. Mawe, akasema. Mawe matupu. Fundi Cherehani akafuata. Alionja namba tatu kwa muda mrefu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba anaifurahia, lakini kidole cha Mwalimu kilikuwa kimeshapita pale, na yeye hakuzaliwa ili akubaliane na mtu wa juu. Akachagua namba moja. Kinyozi naye asingechagua sahani ya yeyote kati ya hao hata kwa mtutu wa bunduki, akatangaza kwamba namba nne ndiyo virukanyuma, na kwamba ufizi wake ulijua tangu harufu ilipopanda ngazi.

Chumba kikanong'ona kwa mshangao. Kila mtu na sahani yake, hakuna waliogongana. Msimamizi aliandika haraka, masikio yakimwaka kwa furaha. Ilibaki namba mbili.

"Mama, na wewe onja," akasema. "Tujaze fomu."

Mama Mabeseni akasogea akiwa ameuma midomo asicheke. Alikusudia kuonja kwa mbwembwe, kutikisa kichwa kama Mwalimu, kisha amsimulie mumewe. Akaanza na namba moja, na akasikia tope. Akashangaa kidogo. Namba tatu ilimkwaruza ulimi, kitu kigumu, kama mawe kweli. Namba nne ilikuwa na utamu wa kijinga, wa maji mengi. Akavuta namba mbili, akaweka mmoja mdomoni, na kicheko kikamwishia. Ilikuwa kijito. Ilikuwa jiwe linainuliwa taratibu na mkono wa mama yake uliolowa mpaka kwenye kiwiko. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na hakuwa na nafasi ya kuyazuia.

"Hivi ni vichungulizi," akasema. "Hivi ni vya kwetu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinamisha kichwa kwa heshima, maana hakuwahi kujua kwamba mwanamke huyu ana kwao. Fundi Cherehani akaja akamshika bega, akamwambia polepole kwamba ndivyo ilivyo, dada, kila mtu anakijua chake. Msimamizi akapiga muhuri. Ni vitu vinne, na ushahidi umetoka kwa muuzaji mwenyewe.

Kwenye korido binti yake alimvuta pembeni. Alikuwa bado na ile sufuria.

"Mama, nilipika mara moja tu," akasema. "Beseni jekundu, ndilo pekee lililobaki na kamba. Mengine jana uliyamwaga yote, hata hilo la njano, lilikuwa limeanza kunuka. Leo asubuhi ndoo ilichelewa. Zote nne zimetoka humu."

Mama Mabeseni akaitazama sufuria.

"Ulikuwa ni mvuke," akasema. "Ulinipanda machoni."

Siku hiyo hakumsimulia mumewe kichekesho chochote. Alikaa kwenye kiti cha jikoni ameshika tama, na aibu ikampanda kidogo kidogo kama homa. Miaka kumi na tisa aliwacheka watu wanaoonja kwa masikio, akaulisha mji mzima kutoka ndoo moja na kujiona ndiye peke yake mwenye ulimi. Kumbe alikuwa mteja wa nne, tena mteja mbaya kuliko wote, maana wenzake angalau hawakuona ndoo. Jumamosi na Jumapili alirudi nyumbani mikono mitupu. Alikula viazi.

Kumbe msimamizi alikuwa hajamaliza. Jumatatu alileta mbao nne zilizopakwa rangi nne, na pamoja nazo kanuni: vitu vinne lazima vitoke mahali panne. Kuanzia sasa kila bidhaa iletwe katika chombo chake, na karatasi yake, inayoonyesha maji ilikovuliwa. Mwalimu aliisifu kanuni hiyo hadharani, akasema kwamba hatimaye nchi inaanza kupata watu makini.

Mama Mabeseni alimweleza Mtu wa Bwawa akiwa ameegemea gari lake. Alimweleza yote, isipokuwa machozi. Mtu wa Bwawa alikuna kidevu.

"Ndoo za rangi gani?" akauliza.

Kesho yake akaja na nne, bluu, nyekundu, kijani na njano, na karatasi nne zenye muhuri aliouchonga mwenyewe. Ya kwanza ilisema mto wa juu, ya pili mto wa chini, ya tatu ziwani. Ya nne alimwuliza aandike nini. Mama Mabeseni akamtajia jina la kijito, akaongeza jina la mtaa, na akakumbuka kumwelekeza pale palipokuwa na jiwe kubwa la kufulia, ingawa karatasi haikuwa na nafasi ya jiwe. Wateja walirudi wote. Foleni ilifika mpaka kwa muuza mayai, ambaye hakupima kitu tena. Mwalimu alisoma karatasi ya bluu kwa miwani, akaomba nakala.

Kwa hiyo siku hizi hamwagi tena. Ndoo zinakuja zimefungwa, na kazi yake ni kufunua mifuniko. Alirudi kuchukua wa njano kwenda nao nyumbani, kwanza wachache, kisha wote. Alipoulizwa na binti yake, alijibu kwamba chakula hakitupwi. Na majuzi, asubuhi ya kawaida kabisa, binti akiwa hapo mezani anafunga aproni, Mama Mabeseni alifunua ndoo ya njano, akainama, akanusa, akachukua kamba mmoja na kumgeuza mkononi. Akakunja uso. Akamwita Mtu wa Bwawa, ambaye alikuwa ameshawasha gari.

"Hivi si vichungulizi," akamwambia. "Leo umenichanganyia. Hivi ni vya chini."

Binti aliacha kufunga aproni. Mtu wa Bwawa akatazama ndoo, akamtazama mama, akazima gari. Akachukua ndoo ya njano, akazunguka nayo nyuma ya gari, nao wakasikia mfuniko ukifunguliwa, wakasikia akikohoa, wakasikia mfuniko ukifungwa. Binti alihesabu. Alipofika kumi, Mtu wa Bwawa akajitokeza, akaiweka ndoo mezani kwa mikono miwili.

Mama Mabeseni akafunua, akanusa, macho yakamfumba.

"Ndivyo hivi," akasema. "Siku nyingine uwe mwangalifu."

Mtu wa Bwawa akaomba radhi.